Jina la Mbwa wa Jirani

Siku ile naikumbuka kwa ukungu wake, mwanangu. Huku Dundori ukungu ukishuka asubuhi, hata viazi vilivyo mbele ya mlango wako huvioni. Wala usidhani nilikuwa kijana. Mvi zilikuwa zimeshaota, kwa hivyo siwezi kusingizia ujana.

Nilikuwa mzee wa nyumba kumi, msimamizi wa usalama wa majirani, na nilivyojivunia daftari langu, we acha tu! Afisa mmoja wa serikali aliniomba niandike kila boma: nani analala wapi, wageni gani huja, njia ya nyuma iko wapi, kuna mbwa wangapi. Mimi nikazidisha, nikaandika hadi majina ya mbwa. Kwa Mama Kelvin, jirani aliyenipa chai kila nilipopita, niliandika: Kelvin, mwanawe, chumba cha nje, huandika kuikosoa serikali kwa simu; mbwa, Bosi.

Kelvin aliniona. "Mzee, hiyo si poa," akasema. "Katiba inasema mambo ya nyumba yetu ni yetu."

"Kama huna makosa, unaogopa nini? Serikali ni mzazi."

"Hata mzazi hupiga hodi, mzee."

Nikacheka. Mtoto wa juzi anifundishe sheria!

Wiki mbili baadaye, asubuhi ya ukungu ule, nilikuwa nikikatia ng'ombe majani nikasikia gari likisimama kwa jirani. Sikuona kitu. Mbwa yule alikuwa mkali, hata mimi alinibwekea mwaka mzima. Nikangoja abweke. Badala yake nikasikia sauti ya mwanamume nisiyemjua, laini kabisa: "Bosi. Bosi. Njoo, Bosi." Mbwa hakubweka. Hakuna aliyepiga hodi. Nyayo zikazunguka nyuma moja kwa moja hadi chumba cha nje, bila kuuliza njia. Walikuwa wakipita pale pale nilipoandika.

Kelvin hakuonekana siku kumi na moja. Kila kituo cha polisi tulichokwenda Nakuru walisema hawamjui. Afisa wangu akaacha kushika simu. Kisha kijana akapatikana kando ya barabara ya Njoro, mzima wa mwili, ila mpaka leo hawezi kukaa mtu akiwa nyuma yake.

Mama yake, aliyekuwa amesikia sauti ile akiwa ndani, aliniuliza swali moja tu: "Hao watu walijuaje jina la mbwa?"

Ningeweza kunyamaza. Nilimwambia. Aliingia jikoni, akaniletea chai, akanipa nikiwa nimesimama nje. Tangu siku hiyo sijawahi kukaribishwa ndani, na sina haki ya kulalamika.

Basi sikia. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kalamu ni ulimi usiosahau. Serikali naiheshimu hata sasa, na mwizi nikimwona nitamtaja. Lakini akija mtu kutaka ya nyumba ya jirani yako, mwambie aende kwa mwenyewe na karatasi ya korti mkononi. Uliyoyaona kwa sababu watu walikuamini si yako kuyatoa, hata ukiombwa kwa upole, hasa ukiombwa kwa upole.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe jirani anayekujua mpaka uvunguni na bado akanyamaza. Na akikunyima huyo, basi akujalie wewe uwe yeye.