Ilda wa Ming'oko na Umalkia wa Kuzimu

Ilda alivuka Ruvuma akiwa mgongoni mwa mama yake, wakikimbia vita huko Msumbiji. Waliibukia Kilambo, upande huu wa mto, wakalima Mahurunga. Leo anauza ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha langoni mwa shule wanakosoma binti yake, Ines, na mjukuu wangu, Sabra. Ni mchapakazi, hilo simnyimi. Lakini kila nilipopita nilimwona akimfungia Mwalimu Stefano fungu nono, wala sikuona mkono wa mwalimu ukienda mfukoni.

Ndipo shule ikaandaa mchezo wa hekaya ya Wayunani: binti ananyakuliwa na mfalme wa kuzimu, anafanywa malkia. Mwalimu Stefano ndiye aliyegawa nafasi: umalkia akapewa Ines. Sabra akapewa nafasi ya mbwa anayelinda mlango wa kuzimu.

Mbwa. Mjukuu wa marehemu mume wangu, Bwanaheri, aliyesomesha Kurani vijana wa Mikindani, abweke mbele ya watu.

Nikamfuata Ilda. "Hiyo ming'oko yako ina utamu gani hata izae taji?"

"Shikamoo, Bi Rehana. Mbwa mwenyewe ana vichwa vitatu, malkia kimoja. Mwenye kulalamika ni mimi."

"Na mafungu ya mwalimu?"

"Mngoni yule, mtani wangu. Anachukua, namtukana, tumemalizana."

Utani naujua. Najua pia mambo mangapi hupitishwa chini ya utani. Nikaenda kwa mwalimu.

"Mama," akasema kwa adabu, "malkia hubebwa na mfalme. Mwaka jana, kwenye ngoma ya shule, ulikataza mtoto wa kiume asimguse Sabra hadharani. Katika mchezo huu asiyeguswa ni mbwa peke yake. Nimtoe?"

Kumtoa kungezua maswali mtaa mzima. Nikamjibu abaki, ila watakapotangaza majina, la ukoo lisitajwe.

Siku ya mchezo Ilda akaja kuketi ubavuni mwangu bila kukaribishwa. Sabra alipobweka, ukumbi mzima ulirudi nyuma, kisha makofi yakazidi ya malkia. Wageni wakaulizana huyo ni mtoto wa nani. Nikakaza macho jukwaani.

Ilda akasimama, khanga ikimponyoka begani. "Mjukuu wa marehemu Bwanaheri huyo. Bibi yake huyu hapa."

Watu wakageuka, wakanipa mikono. Niliipokea yote. Mpaka leo namchunguza Ilda usoni, nisijue siku ile alitaka kunisifu au kuniumbua.