Dada Yuko Kazini

Mtaani walimwita Daktari, si kwa kutibu watu, bali kwa kufufua kompyuta ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Kwa hiyo dada yake mpiga chapa alipolalamika kwamba mashine yake imezeeka hata kuamka inajivuta, Daktari alijigamba mbele ya wateja: "Dada, niachie mimi. Naing'oa Windows, nakuwekea Linux. Nyepesi, haina makuu."

Akaiweka. Kompyuta ikawaka chapuchapu, dada akapiga vigelegele, na Daktari akatoka pale kifua mbele kama bwana harusi.

Kesho yake ikaganda. Na hapo ndipo mazoea ya dada yalipomponza. Alijifunza kazi kwenye taipureta, enzi ambazo kuchungulia vidole ilikuwa aibu, na mpaka leo huchapa akimtazama mteja usoni. Mzee mmoja alimsimulia malalamiko yake yote ya kiwanja, neno kwa neno, mpaka mwisho. Dada kugeukia kioo, anakuta salamu za barua peke yake. Mengine yote alikuwa akiichapia maiti. Mzee wa watu hakugomba. Alivaa kofia, akavuka barabara, akaingia kwenye duka jipya la wapiga chapa.

Daktari akarudi. Akaweka toleo la zamani la Linux, akazima madoido ya kioo, akachomoa kadi za kumbukumbu, zile za RAM, akazifuta kwa kifutio cha penseli na kuzirudisha. Akiwa pale, mashine inatulia, adabu tupu. Akigeuza mgongo, imeganda.

"Inakuogopa wewe tu," dada alimtania mwanzoni. Baadaye akaacha kutania. Benchi la wateja, ambalo zamani watu waligombania, sasa lililaliwa na paka.

Ndipo Daktari alipofungua kasha la mashine na kuinamia bodi kwa tochi, jambo ambalo angelifanya siku ya kwanza kama si majigambo. Kapasita, vile vipipa vidogo vya kutunza umeme, zilikuwa zimevimba vichwa, nyingine zimevuja, na uchafu wake umekula njia za umeme. Alichomelea mpya, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Linux haikuwa na kosa. Hata Windows aliyoing'oa kwa mbwembwe haikuwa na kosa. Bodi ya namna ile hakuna tena anayeiuza, na kompyuta nyingine dada hana uwezo nayo, wala yeye Daktari.

"Jaribu hivyohivyo," alimwambia, akiona haya kumtazama.

Siku chache baadaye, akipita kwenye ujia, alisikia vitufe vikilia mfululizo, bila kusita. Moyo ukamruka. Imepona! Akaingia karibu mbio.

Hapakuwa na mteja. Dada alikuwa ameelekeza uso mlangoni, vidole vikienda. Kwenye kioo palikuwa na mstari mmoja tu.

"Dada, imeganda."

"Najua. Tangu asubuhi."

"Sasa unachapa nini?"

"Nikinyamaza watasema nimefunga, mdogo wangu." Hakusimamisha vidole. "Halafu nilijua leo utapita, nikataka usikie."

Daktari akamsogeza paka, akakaa kwenye benchi, mahali pa mteja. Alitaka kuomba msamaha. Dada akamtazama usoni, kama anavyowatazama wote, akasubiri aseme, huku akiendelea kuchapa.