Kompyuta ya Kuchomeka

Fundi redio ana vidole vinene, lakini akishika chuma cha moto cha kulehemu hutulia kama anamvisha mtoto mchanga. Huuma ulimi, na salamu hasikii. Leo alilehemu plagi ya USB kwenye kikompyuta kidogo kuliko kiberiti, ili kichomekwe kwenye laptopu kama flashi. Vingine viwili alishaviunguza kwa kugeuza nyaya za chanya na hasi, na laptopu yenyewe ni ya mkewe.

“Ukiiua, baba, utalala na redio zako,” mke alimwambia.

“Mikono ya kupasua kuni hiyo!” akadakia mama mkwe wa fundi, aliyeketi kando.

Fundi akapima nyaya mara tatu, akachomeka. Taa ya kijani ikawaka, laptopu ikaandika imeona kifaa kipya. Mama mkwe akasogeza kiti.

“Chomoa uchomeke tena. Sikuona vizuri.”