Taa za Breki za Meleane

Tangu wabalehe, miaka thelathini sasa, Semisi na dada yake Meleane hawajaketi chumba kimoja wakazungumza. Ndiyo heshima ya visiwa vya Tonga kati ya kaka na dada. Lakini juzi lori nusura limgonge dada kwa nyuma, maana taa za breki za gari lake kuukuu zimekufa. Leo dada yuko kwenye usukani, Semisi kachutama nje, nyuma ya gari.

"Kanyaga, dada."

"Nimekanyaga. Vipi?"

"Bado."

"Basi mguu wangu nao umechakaa."

Semisi alicheka, akakwangua waya ulioliwa na chumvi ya bahari. Taa zikawaka, ukuta wa jiko ukawa mwekundu. Meleane aliuona kwenye kioo, akaachia breki.

"Kanyaga tena, dada."

"Nimekanyaga. Vipi?"

"Bado kidogo."

"Haya. Sina haraka."