Leza ya Melania Ndani ya Friza ya Yunisi

Melania alifundisha kemia chuoni, lakini mtaani Katubuka walimwita mama anayenusa samaki kwa taa. Jina hilo lilimkera, ingawa halikuwa mbali na ukweli. Alikuwa ameunda kifaa cha leza cha kupima dagaa walioanza kuharibika. Samaki akioza hutoa amonia, na amonia hufyonza aina yake ya mwanga. Mwanga huo ukipungua, ujue ipo.

Shida ilikuwa leza yenyewe. Mwanga wake ulibadilika kidogo tu, ukakwama kabla ya kufikia ule unaofyonzwa na amonia. Melania alijua ikipozwa sana mwanga husogea zaidi, lakini kwa jua la Kigoma, feni yake ilikuwa inahamisha joto tu, kutoka huku kwenda kule.

Akapiga hodi kwa jirani yake Yunisi, muuza barafu za ukwaju.

"Unataka kulaza taa kwenye friza yangu?"

"Kwa muda mfupi tu, dada."

"Haya. Ila isinionjee barafu."

Kifaa kikaingia, waya ukapitishwa mlangoni mwa friza hadi kwenye kompyuta. Leza ikapoa, mwanga ukasogea, ukavuka pale ulipozoea kukwama. Melania akacheka peke yake. Kisha akainama kusoma vipimo. Kompyuta ilionyesha amonia tele, na yeye hakuwa ameweka samaki.

"Kimeharibika," akasema kwa unyonge. Akazima, akawasha. Amonia. Akafuta vioo. Amonia.

Dismasi, mume wa Yunisi, akainuka kitini. "Shemeji, mashine hizi zinadanganya sana. Itoe tu."

Yunisi akamgeukia. Tangu waoane, mumewe hakuwahi kuwa na maoni juu ya mashine yoyote. Akaanza kupakua barafu. Chini kabisa, mfuko ndani ya mfuko, walilala samaki wanono aina ya migebuka. Dismasi aliwaficha ale na rafiki zake, umeme ukakatika wakaharibika, akaogopa kusema.

"Kumbe ndiyo maana wateja wananiuliza huu ni ukwaju wa wapi," Yunisi akasema polepole.

Melania alijua anapaswa kusikitika. Badala yake akaomba mgebuka mmoja wa vipimo.

Dismasi akazika waliobaki, akarudi kusugua friza kwa limau. Kila alipodhani amemaliza, Melania alichungulia kompyuta.

"Bado, shemeji," akamwambia kwa furaha isiyofichika. "Endelea, inashuka vizuri."