Mikanda ya Kusimamia Mtumbwini

Mume wangu alianza kujikwaa mahali pasipo na kitu. Tulikuwa tunakaa Bangwe, karibu na maji, katika nyumba ya tofali mbichi ambayo sakafu yake niliikandika kwa mikono yangu, kwa hiyo najua haikuwa na jiwe wala shimo. Hata hivyo akitoka chumbani ncha ya mguu wa kulia ilikwaruza udongo, naye akashika ukuta. Mwanzoni alicheka. Baadaye akawa ananyanyua goti juu kila hatua, kama anavuka matope, na watu wa njiani wakaanza kugeuka kumtazama.

Majirani walisema amekanyaga kitu, yaani kuna mtu alimfukia dawa njiani naye akaipitia. Mama mkwe, aliyevuka ziwa kutoka Kongo akiwa mwanamwari, hakutaka kusikia maneno mengine. Alitupeleka kwa mganga, na mganga akamchanja nyayo kwa wembe, chale kwa chale. Mimi ndiye niliyemshika mguu. Hakushtuka hata mara moja. Mganga akamsifu: "Huyu ni mwanamume!" Lakini mimi nilikuwa namtazama usoni, na uso wake haukuwa wa mtu anayevumilia. Alikuwa anasubiri wembe uanze.

Hospitalini mjini, tabibu alimfumbisha macho akawa anamgusa miguu kwa pamba. "Hapa unahisi? Na hapa?" Mume wangu alijibu ndiyo mara mbili wakati pamba ilikuwa mkononi mwa tabibu, haijagusa kitu.

"Mishipa ya fahamu inakufa," tabibu alituambia. "Inaanzia mbali na moyo, kwenye vidole vya miguu, halafu inapanda. Misuli inayotegemea mishipa hiyo nayo inalegea."

"Itaishia wapi?" niliuliza.

"Siwezi kukuambia, mama. Ila ganzi ikifika magotini, chunga mikono. Mara nyingi hapo ndipo mikono nayo inaanza."

Mume wangu alikuwa amekaa palepale, akasikia kama nilivyosikia mimi.

Alipewa viatu vyenye vyuma viwili vilivyopanda hadi chini ya goti, na mkanda wa ngozi juu. Barabarani vilimfaa, alikwenda navyo Katubuka na kurudi bila kujikwaa. Mtumbwini havikufaa kitu, maana soli iliteleza kwenye mbao zilizolowa. Basi vikakaa chini ya kitanda, na yeye akarudi kwenye kazi yake peku.

Kazi yake ilikuwa lusenga, ule wavu wa mfuko uliofungwa kwenye mti mrefu. Karabai inaning'inizwa mbele ya mtumbwi, dagaa wanaufuata mwanga, na mtu mmoja anasimama mbele kabisa anazamisha wavu na kuunyanyua ukiwa umejaa. Wengine wanapiga makasia wameketi. Mwenye lusenga hana pa kuketi. Anasimama kwa miguu yake kuanzia giza linapoingia hadi linapoisha, na mtumbwi unacheza chini yake.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Mtumbwi ulikuwa wa kikundi, na kikundi kilikuwa na mikutano. Katika kila mkutano mtu aliinuka kusema kwamba asiyefanya kazi ni kupe, ananyonya jasho la wenzake. Neno hilo lilikuwa limekusudiwa kwa matajiri, lakini kwetu Bangwe tajiri hakuwepo, likawa linatafuta mtu wa kumkaa. Siku moja mume wangu alirudi kutoka mkutanoni akaniambia, "Leo wamelisema tena, na wawili walinitazama miguu."

Nikaanza kushona. Fundi baiskeli wa sokoni Ujiji alinipa mipira ya ndani iliyotoboka, nikaikata vipande virefu, nikaitia kitambaa cha turubai upande mmoja ili isimchubue. Mkanda wa kwanza ulipita chini ya wayo na kupanda hadi goti, ukainua vidole visikwaruze chini. Kaka yangu akaniletea mianzi kutoka Kalinzi, nikaipasua na kuiweka pande mbili za kifundo. Mimi ni wa Kalinzi, juu milimani kwenye kahawa. Kule ziwa tuliliona kwa mbali sana, kama kitambaa kimeanikwa, na sikuwahi kujifunza kuogelea. Labda ndiyo sababu nilipoombwa mikanda ya pili swali langu lilikuwa moja tu.

Mikanda ya pili ilikuwa ya kumfunga magoti kwenye ubao unaokatiza mtumbwi kule mbele. "Ukinibana pale," alisema, "nasimama kama zamani."

"Na mtumbwi ukipinduka?"

Alicheka, akajifunga kwenye mguu wa kitanda ili anionyeshe. Lilikuwa fundo la kitanzi. Alivuta ncha kwa vidole viwili, mkanda ukaanguka chini kabla sijamaliza kutazama. "Umeona? Samaki hatakuwa na muda wa kusema shikamoo."

Nikaloweka mkanda kwenye beseni, nikamwambia afanye tena. Akafanya. Nikakubali.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda. Kila giza la mwezi lilipoingia, zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, alasiri alijifunga mianzi nyumbani, akaweka mikanda ya magoti begani na kwenda ufukweni. Asubuhi alirudi ananuka moshi wa karabai. Nami niliosha mikanda na kuianika kivulini, maana jua linaua mpira.

Kisha jioni moja ya mbalamwezi, wavuvi wakiwa wamepumzika, alikuwa ameketi karibu na jiko akinisimulia kitu. Nikasikia harufu ya nywele zinazoungua. Kaa lilikuwa limeruka likatua juu ya goti lake, na yeye anaendelea kusimulia. Nililipangusa kwa kiganja. Alitazama goti, akatazama kiganja changu, akamalizia hadithi yake.

Tangu siku ile nikawa naichunga mikono yake, kama tabibu alivyosema.

Haikuwa rahisi. Wanaume wa nyumbani walikula barazani, sisi wanawake tulikula uani, na mume wangu hakuwa mtu wa kuulizwa. Nikawa nasoma sinia likirudi. Ugali wa muhogo ni mzito. Mtu anaukata tonge, analiviringisha, analitoboa kwa dole gumba ili lishike mchuzi. Nilijua matonge ya kila mmoja wao. Upande wake wa sinia sasa kulikuwa na vipande vilivyobanwa kwa ngumi nzima, vina alama za vidole vyote vinne, bila kitobo. Baadaye akaacha kufunga vifungo vya shati, akasema ni joto. Tulikuwa katika miezi ya baridi.

Nikaanza kuiangalia mikanda yenyewe. Mpira uliokaa umefungwa usiku kucha haurudi ulivyokuwa. Unabaki na mikunjo. Fundo la kitanzi linaacha mkunjo mmoja. Asubuhi moja mikanda ilikuwa na mikunjo miwili inayokatana, iliyokazwa hadi mpira umepauka.

"Nani anakufunga siku hizi?" nilimuuliza.

"Mimi mwenyewe."

"Fundo gani?"

"Lilelile."

Akajifunika shuka, akalala. Nami nikaketi na mikanda mapajani. Mtu mwingine alikuwa anamfunga, na kwa wema wake alikuwa anamfunga kwa nguvu asianguke. Yeye aliyenionyesha kitanzi kwenye mguu wa kitanda hakuwa tena na vidole vya kukifungua. Upepo wa kutoka upande wa Kongo hautoi taarifa. Mitumbwi hupinduka, wanaume huogelea au hushika ubavu wa mtumbwi hadi kupambazuke. Yeye angekuwa chini, amesimama vizuri kwenye mikanda niliyomshonea.

Jioni nilikwenda ufukweni. Wanawake wa pale hawakukaribia mtumbwi unapotayarishwa. Walingoja asubuhi, kazi ya kuanika inapoanza. Nilipita katikati ya nyavu hadi maji yakanifika vifundoni. Mume wangu alikuwa ameshasimama mbele, magoti yamefungwa. Mpwa wake, kijana mwenye mwili, alikuwa ndiyo kwanza anainuka kutoka miguuni pake.

"Shemeji!" mpiga kasia mmoja akapaza sauti. "Leo unakwenda kuvua?"

"Mwacheni, amekuja kuonja dagaa wakiwa bado majini."

"Wa milimani huyo, atawachimba kwa jembe!"

Nahodha, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa nyuma akitia mafuta kwenye karabai. Nikamwamkia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuna msiba?"

"Bado."

Kicheko kikapungua kidogo. Mume wangu akasema kwa sauti ya chini, "Rudi nyumbani."

"Jifungue kwanza, nirudi."

"Nimesema rudi."

"Nakuomba. Fundo moja tu, mbele ya wenzako. Likifunguka sitakanyaga hapa tena."

Nahodha alimtazama, akanitazama mimi. "Jifungue, bwana," akasema kwa utani. "Mkeo akapike, tumechelewa."

"Akivua na suruali shauri yake," mwingine akasema, wakacheka tena.

Mume wangu aliinama. Vidole vyake viligusa fundo, vikateleza. Akajaribu kwa mkono wa kushoto. Akabana ncha ya mkanda kati ya ngumi mbili akavuta, ncha ikachomoka mikononi, fundo likabaki. Kicheko kilikatika upande wa nyuma kwanza, kisha katikati. Aliinama zaidi ili atumie meno, lakini magoti yalikuwa yamebanwa na ubao ulikuwa mbali na kinywa. Mtumbwi ulikuwa bado umeegemea mchanga. Hakukuwa na wimbi, na hakuna aliyemharakisha.

Mpwa wake alisema, "Mjomba, mimi nilidhani..."

Nahodha alikuja mbele na kisu chake cha kukatia kamba. Akakata mikanda yote miwili, akamshika kwapani akamtelemsha majini. Yule kijana akachukua lusenga. Waliusukuma mtumbwi, wakapiga makasia kuelekea ndani ya ziwa.

Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma. Alianguka mara moja kwenye mchanga mlaini. Nilinyoosha mkono, akauona, akainuka kwa kushika kichaka.

Kikundi hakikumwita kupe. Walimpa kazi ya kulinda dagaa walioanikwa wasiliwe na kunguru, kazi ya kukaa. Alivaa vile viatu vya vyuma kwenda na kurudi, na mimi nilimfunga mikanda yake ya ngozi asubuhi na kuifungua jioni. Hakunikatalia. Hakunishukuru wala kunilaumu.

Usiku ule wa kwanza walipokwenda bila yeye, ziwa lilitulia. Na wa pili, na giza lote la mwezi ule likapita bila upepo wa kuzima kibatari. Mtumbwi ulirudi kila asubuhi umejaa, wanaume wanaimba. Mume wangu alikuwa anawangoja pale majini kwa fimbo yake, na kabla ya salamu aliuliza, kwa sauti ya kunifikia mimi niliyekuwa natandaza dagaa mchangani:

"Ziwa lilikuwaje?"

"Shwari, kaka. Shwari kabisa."

Aliitikia kwa kichwa, akageuka kunitazama, kama ananidai usiku ule. Aliuliza hivyo mwezi ule, na uliofuata, na mwaka uliofuata. Kila alipouliza niliacha kutandaza, mikono imejaa dagaa, nikasikiliza watakachojibu. Mpwa wake alikuwa amesimama mbele ya mtumbwi ule, kijana mzima, miguu haijafungwa, na bado kuna asubuhi waliposema shwari nami nikahisi kitu kinaniuma ambacho hakikuwa shukrani, kama vile nilikuwa nangoja upepo uje unitetee.