Sakafu ya Mbao na Mama Mkwe

Baba yangu alikuwa karani, na hakuchagua kitu bila kukipima. Miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia alijenga nyumba ya ghorofa Kinondoni, ya kwanza mtaani kwetu, kwa sababu Mama alikuwa amemwomba jambo moja tangu waoane: chumba cha mama yake. Bibi alikuwa mjane, macho yanafifia, na Mama ndiye mtoto pekee aliyembakia. Bibi angekaa chini, maana magoti yake hayakuziweza ngazi. Sisi tungekaa juu.

Iliyomshughulisha Baba ni sakafu ya huko juu. Alipanga uani kipande cha mbao ya mninga, bonge la mawe na chokaa aliloliokota kwenye gofu la nyumba ya kale, na kipande cha saruji. Akavimwagia maji. Akaviburuzia mguu wa kitanda. Akaviangushia mchi wa Mama, na Mama akanuna kutwa nzima.

Fundi, mtu wa pwani, alitaka chokaa. "Bwana karani, tunalaza boriti za mikoko, tunamwaga mawe na chokaa, kina mama wanaitwanga siku tatu kwa nyimbo. Hapo ukitembea juu, wa chini hana habari nawe." Baba alisema ni nzito, itadai kuta nene kuliko zake, na hakutaka mtaa mzima uje kuimba juu ya nyumba yake. Saruji ilikuwa ya kungoja kibali, na kibali kilimngoja Mzungu mmoja aliyekuwa likizo kwao. Zikabaki mbao. Mie nilizipenda, zilinukia vizuri na hazikuwa baridi miguuni. Nasema hivyo kwa sababu baadaye sote tulijifanya hatukuzitaka.

Kwetu bara, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawakai chumba kimoja. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huchepukia vichakani. Baba alilifikiria hilo, akauelekeza mlango wa bibi uani na wa kwetu barabarani. Kuhusu dari hakufikiria kitu.

Bibi alifika kwa gari moshi. Asubuhi ya kwanza nilikuwa chini nampa bibi uji, Baba alipovaa viatu huko juu na kuanza kutembea. Mbao zikalia. Vumbi likadondokea bakulini. Baba akakohoa, akamwuliza Mama soksi zake ziko wapi, na sauti ikatufikia kana kwamba yuko nasi mkekani. Bibi akajifunika kanga kichwani, akatoka kwa kupapasa ukuta, akakaa juani mpaka Baba alipokwenda kazini.

Ikawa hivyo kila siku. Baba akatandika majamvi, akaacha kuvaa viatu, akawa ananong'ona ndani ya nyumba yake mwenyewe. Haikusaidia, kwani hata kitanda kilisikika. Siku ya tisa bibi alimwambia Mama, huku akichambua mchicha, "Mwanangu, nyumba ni nzuri. Lakini mimi na mume wako tunalala chumba kimoja. Nirudishe nyumbani."

Baba akamwita fundi aziondoe mbao na kuweka chokaa. Fundi aligonga kuta, akatikisa kichwa. "Hazibebi, bwana karani. Maji yakishamwagika hayazoleki." Basi Baba akasema yeye atahamia kwenye banda la nje, upande wa barabarani. Nadhani ndilo lililommaliza bibi. Mkwe kutoka nyumbani mwake kwa ajili yake ilikuwa aibu asiyoweza kuishi nayo. Nilimhurumia Baba, na nilimkasirikia pia, kwa kupima kila kitu isipokuwa watu wake.

Kesho yake tulimsindikiza bibi stesheni. Baba hakuja, kwa heshima. Mama alimshika mama yake mkono mpaka gari likaanza kwenda, akatembea nalo hatua chache, akauachia.

Tuliporudi, Mama alipita moja kwa moja juu. Baba alikuwa chini, katika chumba cha bibi, ambamo sasa aliweza kuingia, akikunja mkeka. Mama akaanza kulia. Hakupaza sauti, wala haikuhitajika. Baba alisimama na mkeka mikononi, uso ameuinua darini, akamsikia mkewe pumzi kwa pumzi, mpaka mwisho.